Malkia Hatoki Nje: Kwa Nini Sisimizi Hurudi Kila Ukipiga Dawa

Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, wakiwa na malkia wa chungu wapatao 5,000, wamefungiwa ndani ya vichupa vyembamba vyenye pamba. Mwezi uliofuata mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Habari ile ilizua mabishano barazani na mitandaoni. Wako waliowaita wadudu wale siafu, wako waliosema ni mchwa, na wengi waliuliza tu kosa liko wapi kwa mdudu tunayemfagia kila asubuhi.

Anayesumbuliwa na sisimizi jikoni ana la kujifunza katika kesi ile. Wanaonunua malkia huko Ulaya ili kufuga chungu wanajua jambo moja ambalo mtu mwenye mkebe wa dawa ya kupuliza hulisahau: malkia mmoja aliyekwisha kupandwa ni kiota kizima, cha leo na cha miaka ijayo. Malkia wa baadhi ya aina huishi zaidi ya miaka 20. Ukimkosa yeye, hata uue elfu moja sakafuni, kazi bado haijaanza.

Kwanza tuelewane majina

Sisimizi ni wale wadogo, weusi, wa kahawia au wa njano hafifu, wanaojipanga msururu kuelekea kwenye kopo la sukari. Sehemu nyingine huitwa nyenyere. Chungu ni jina pana linalowabeba wote wa ukoo huo, wadogo kwa wakubwa. Wale wa Naivasha walikuwa hasa aina ya Messor cephalotes, chungu wakubwa wanaokusanya mbegu za nyasi. Hao hawana habari na jikoni kwako.

Siafu ni jeshi linalohama, lina taya zinazong'ata bila kuachia, na halikai nyumbani kwa mtu. Majimoto ni wale wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani ya mwembe au mchungwa kuwa viota. Sungusungu ni weusi, wakubwa, wanaouma vikali, na ndio waliotoa jina kwa vikundi vya ulinzi wa jadi vya vijijini Tanzania.

Mchwa hamo kabisa katika orodha hiyo. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na mende kuliko na sisimizi. Mtazame kiunoni: sisimizi amebanwa katikati kama aliyefungwa uzi, mchwa amenyooka kama punje ya wali. Kumbikumbi, ambao ni mchwa walioota mabawa, wana mabawa manne yenye urefu sawa, ilhali chungu mwenye mabawa ana mawili marefu mbele na mawili mafupi nyuma. Tofauti hii ina gharama yake. Mchwa anakula mbao na makaratasi, kwa hiyo chambo cha sukari hakitamgusa, na aliyeona kumbikumbi wakitokea kwenye fremu ya mlango akanunua dawa ya sisimizi amepoteza fedha na muda.

Kinachoendelea ndani ya kiota

Wote unaowaona wakitembea ukutani ni majike wafanyakazi. Katika aina zinazotusumbua majumbani hao si wazazi. Kazi yao ni kutafuta chakula na kukirudisha. Malkia yuko ndani anataga. Pembeni yake wamo mabuu, watoto weupe wasio na miguu, na kuna wafanyakazi wengi zaidi ambao hawajatoka nje hata siku moja. Walio kwenye msururu ni kama wale waliotumwa sokoni. Ukiwaua wa sokoni, nyumbani watatumwa wengine.

Msururu wenyewe ni barabara ya harufu. Mfanyakazi aliyepata tone la juisi hurudi akiburuta tumbo chini na kuacha alama ambayo wenzake huinusa kwa papasi zao, zile pembe mbili nyembamba za kichwani. Kila anayepita na kushiba huongeza harufu. Unaweza kuiona barabara hiyo bila darubini: chukua kitambaa chenye maji ya sabuni, futa sehemu ya upana wa kiganja katikati ya msururu, kisha utulie utazame. Wakifika ukingoni mwa palipofutwa husimama, hugeuka, hupapasa huku na huku, na nyuma yao foleni hujaa. Baada ya dakika chache mmoja atavuka kwa bahati na barabara itaanza kuchorwa upya.

Jambo la tatu ndilo ufunguo wa yote. Mfanyakazi hawezi kumeza punje ngumu. Kiuno kile chembamba hupitisha kimiminika tu. Chakula kigumu hubebwa hadi kwa mabuu, ambao ndio wenye uwezo wa kukimeng'enya. Kimiminika huhifadhiwa katika mfuko ulio tumboni, kisha hutapikwa na kugawiwa mdomo kwa mdomo mpaka kimfikie malkia. Kwa hiyo kinachonyweka jikoni leo, kesho kimeshagawanywa kiotani. Chambo kinategemea tabia hiyo, na dawa ya kupuliza inaikata.

Dawa za mkebe nyingi ni za jamii iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yale yanayolimwa Nakuru na Iringa. Huua haraka, na hapo ndipo tatizo lilipo. Aliyepuliziwa anafia njiani kabla hajafika nyumbani, na wenzake huikwepa sehemu ile na kutokea dirisha la pili. Kwa aina zenye malkia wengi, kama wale sisimizi wadogo wa njano wanaoitwa wa Farao, wenye urefu wa milimita mbili hivi, hali huwa mbaya zaidi. Kiota kikishtuliwa hugawanyika: kundi moja na malkia wake huhamia nyuma ya swichi, jingine chini ya sinki. Ulikuwa na kiota kimoja, sasa una vitatu, na unaamini dawa ilikuwa hafifu.

Chambo: namna ya kukitengeneza na mahali watu wanapokosea

Sumu nzuri kwa kazi hii ni ile inayoua polepole. Asidi ya boriki, unga mweupe laini unaopatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa, ndiyo rahisi zaidi. Poda ya kusuguliwa kwenye ubao wa keram nayo mara nyingi ni boriki, lakini nyingine ni wanga mtupu, hivyo soma kibandiko kabla ya kununua. Magadi na soda ya kuokea si boriki na hazichukui nafasi yake, hata kama zinafanana kwa macho.

Kabla ya kuchanganya, waulize wenyewe wanataka nini. Weka juu ya kipande cha karatasi tone la maji ya sukari, na kando yake chembe ya siagi ya karanga au unga wa dagaa uliolowekwa mafuta. Rudi baada ya nusu saa hadi saa moja. Wakijaa kwenye sukari, tengeneza chambo kitamu. Wakijaa kwenye mafuta, tengeneza cha mafuta. Uchaguzi huu hubadilika, kwa sababu kiota chenye mabuu wengi huhitaji zaidi nyama na mafuta, kwa hiyo waliokataa sukari wiki hii huenda wakaitaka mwezi ujao.

Kwa chambo kitamu, chukua maji ya moto nusu lita, vijiko vikubwa vinne vya sukari vilivyosawazishwa, na kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki, nacho kisawazishwe kwa kisu. Koroga mpaka maji yawe maangavu bila chembe chini. Hapo una boriki ya asilimia moja hivi ndani ya sukari ya asilimia kumi, na kipimo hicho kisiongezwe. Kosa kubwa kuliko yote ni pupa ya kutia kijiko cha pili “ili wafe haraka”. Ikizidi, ama wataionja na kuiacha, ama watakufa kabla ya kugawa.

Kwa chambo cha mafuta, nusu kijiko cha chai cha boriki kwa vijiko vikubwa vitatu vya siagi ya karanga, uponde vizuri kusibaki madonge. Kiasi chenye ukubwa wa punje ya harage kinatosha kila kituo.

Usimimine kimiminika wazi kwenye kisahani, watazama. Lowesha pamba, iweke ndani ya kizibo cha chupa, na kituo chako kimekamilika. Kama kuna mtoto au paka, chukua kichupa kidogo chenye kifuniko cha kufunga, toboa matundu mawili ya ukubwa wa tundu la sindano nene karibu na kifuniko, tia pamba ndani, funga, na ukibandike kwa utepe nyuma ya kabati. Boriki ni sumu kwa watoto pia. Mchanganyiko uliobaki utie rangi ya chakula usidhaniwe kuwa maji, uandike jina lake, na usiuweke kamwe ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Kituo kiwekwe kando ya msururu, si katikati yake, na msururu ule usiufute. Futa kila kingine: makombo, tone la chai, mdomo wa chupa ya asali, bakuli la paka usiku. Chambo hakishindi jiko lenye maandazi wazi.

Sasa inakuja sehemu inayotaka subira. Saa chache za kwanza watakuwa wengi kuliko ulivyowahi kuwaona, wamepanga vichwa kuzunguka pamba kama ng'ombe kwenye hori. Ukiinama karibu, utaona matumbo yao yamevimba mpaka yanapitisha mwanga, na kama ulitia rangi, rangi hiyo inaonekana ndani. Ndivyo inavyotakiwa. Wengi hushtuka hapo na kuchukua mkebe, wakaua msafara uliokuwa umebeba dawa kumpelekea malkia. Waache. Kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano idadi huanza kushuka. Badilisha pamba kila baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu joto la pwani hukausha maji na sukari huchacha. Kiota kidogo huchukua wiki moja hadi mbili. Wale wa Farao wanataka vituo vingi kwa wakati mmoja, jikoni, bafuni na chumbani, na wiki kadhaa zaidi, kwa kuwa malkia wao ni wengi na wametawanyika. Ukisikia mtu anasema boriki imemshinda, muulize kwanza aliondoa vituo siku ya ngapi.

Jeli za dukani zenye sumu ya polepole hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Chagua ambayo kibandiko chake kinataja sisimizi na kina namba ya usajili. Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na Kenya ni bodi inayojulikana kama PCPB. Ile dawa ya shambani inayopimwa sokoni kwenye chupa ya maji isiyo na jina, usiilete jikoni hata kwa bei gani. Baadhi ya sumu zinazouzwa hivyo hushambulia mishipa ya fahamu ya binadamu kama ya mdudu.

Yanayosemwa mitaani

Mafuta ya taa huua yanaowagusa, kisha hukauka na msururu hurudi, huku jiko lenye moto likibaki na hatari yake. Chaki ya wadudu ina sumu ileile ya mkebe, ila imepewa sura ya kitu ambacho mtoto anajua ni cha kuandikia. Kwa sababu hiyo haifai nyumba yenye watoto. Jivu kavu linasaidia kweli. Linafunika harufu, linawakwangua ngozi ya nta na kuwakausha, lakini likilowa kidogo tu kazi imekwisha, na kiotani halifiki. Siki, ndimu na maji ya sabuni hufuta barabara, na sabuni huua anayeloweshwa nayo. Karafuu ina mafuta yanayowafukuza kwenye kopo, basi.

Kuhusu unga mkavu unaosemekana humvimbisha sisimizi tumboni mpaka akapasuka: umeshaona hapo juu kwamba mfanyakazi hamezi kigumu. Unga unakuwa karamu ya mabuu.

Kisha kuna lile la chooni, kwamba sisimizi wakifuata mkojo wa mtu basi ana kisukari. Msingi wake upo. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, na sisimizi huifuata. Waganga wa kale wa India waliliona hilo karne nyingi zilizopita. Lakini sisimizi huvutwa pia na chumvi na vitu vingine vilivyomo katika mkojo wa mtu mzima wa afya, na hata na unyevu tu wakati wa kiangazi. Tena mtu anaweza kuwa na kisukari ambacho bado hakijamwaga sukari kwenye mkojo. Wakija, nenda kapime damu. Wasipokuja, na una kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, nenda vilevile.

Wasioguswa na chambo

Siafu wakiingia, usihangaike na boriki. Hawana nyumba ya kudumu, na hawafuati sukari. Wanawinda mende, panya na chochote kisichoweza kukimbia. Mtoe mtoto mchanga, mzee asiyejiweza na mgonjwa. Fungulia kuku, sungura na mbuzi aliyefungwa kamba, kwani hao ndio wanaouawa. Halafu waachie nyumba. Kwa kawaida baada ya saa chache huwa wamepita, na mende wamekwenda nao. Jivu la moto au maji ya sabuni yatumike kuwageuza njia pale wanapoingilia, si kupigana nao katikati ya chumba.

Majimoto ni rafiki anayeng'ata. Huko shambani wanakula kunguni wanaofyonza korosho, nazi na maembe machanga, na mkulima anayewaunguza viota hulipa baadaye kwa matunda yaliyopooza. Wakifika ndani ya nyumba, tafuta tawi linalogusa bati au waya, likate, na safari itakatika.

Adui mmoja wa majimoto ni sisimizi mwenye kichwa kikubwa, mdogo wa kahawia ambaye askari wake wana vichwa vinavyoonekana kupita kipimo. Huyu husafiri ndani ya udongo wa miche na mizigo tunayobeba wenyewe. Huko Laikipia amewaua chungu wanaoulinda mgunga dhidi ya tembo. Tembo wakaivunja miti, simba wakakosa kichaka cha kuvizia, na utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba punda milia wanaokamatwa wamepungua na simba wamegeukia nyati. Kagua udongo wa chini ya chungu cha maua kabla ya kukiingiza nyumbani. Ukiona msururu unapanda mlimao wako, tazama chini ya majani kama kuna vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Sisimizi huwachunga na kuwakamua utamu wao, na mpaka vidukari waoshwe kwa maji ya sabuni hawatashuka.

Kuziba, na makopo ya maji

Ziba baada ya chambo kumaliza kazi, si kabla. Ukiziba mapema unawafungia ndani, au unakata njia ya kupeleka sumu. Tafuta panapoingia mabomba chini ya sinki, kona za fremu za madirisha, nyufa za sakafu na matundu ya nyaya. Simenti nyeupe inatosha ukutani; kwenye bomba tumia silikoni kwa sababu bomba hucheza na simenti hupasuka. Kwenye soketi usipulize wala usimwage kitu chochote. Weka kituo karibu nayo. Kazi hii ifanywe kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa kuwa mvua hujaza viota vya nje maji na kuwaleta ndani kutafuta pakavu.

Miguu ya kabati la chakula kuwekwa ndani ya makopo ya maji ni ufundi wa zamani na bado hakuna ulioushinda, mradi kabati lisiguse ukuta na pazia lisining'inie juu yake. Mguu wa mbao usilowe: weka jiwe bapa ndani ya kopo, mguu ukae juu ya jiwe, maji yabaki chini. Tia matone ya sabuni, vinginevyo vumbi likitanda juu sisimizi watatembea juu yake kama darajani. Na maji hayo yamwagwe na kopo lisuguliwe mara mbili kwa wiki. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika vyombo vidogo kama hivyo, na kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja tu na siku chache. Mayai yake hunata ukingoni na hustahimili ukavu, ndiyo maana kumwaga maji bila kusugua kopo hakutoshi.